Mishono Kumi na Mmoja

Kanisani, Kibii hakuwa msikilizaji mzuri wa mahubiri. Alipitisha macho kwenye vipaji vya nyuso vya waumini akitafuta kazi yake. Katika kituo kimoja kidogo cha afya karibu na Mai Mahiu, ambako alikuwa afisa wa kliniki kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa ameshona madereva wa malori, wakulima na walevi waliopigana, na makovu yao yalikuwa membamba hata ungedhani ni mikunjo ya ngozi tu. Watu walimwita Daktari Fundi. Jina hilo alilipenda kuliko lile la ubatizo, na hakuwahi kujifanya kwamba halimpendezi.

Ndipo akaja Daktari Nangila, mpasuaji wa Nakuru, mwanamke wa maneno machache aliyetaka kuwe na utaratibu wa kuwatibu majeruhi wa risasi na baruti wakati huu wa amani, si baada ya vurugu kufika mlangoni. Alizigawa kazi. Vituo vidogo vizuie damu, vioshe kidonda, vikifunike kwa bandeji tu na kupiga simu Nakuru. Wapasuaji huko wangeondoa nyama iliyokufa, na kushona kungengoja siku nne au tano. Risasi na baruti huingiza uchafu ndani kabisa, aliwaeleza, na ukishona juu umeufungia humo. Alimpa kila mmoja karatasi ya kubandika ukutani yenye neno moja kubwa: USISHONE.

Kibii aliibandika mwenyewe, juu ya trei ya nyuzi. Moyoni alijiambia kwamba inawahusu wale wasiojua kushona.

Miezi miwili baadaye akaletwa Ooko, mpasua mawe wa machimbo ya jirani. Baruti ilikuwa imechelewa kulipuka, akaenda kuiangalia, ikalipuka, na jiwe likampasua shavu la mguu. Kibii alikiosha kidonda. Akaitazama karatasi, kisha akawatazama wachimbaji waliojazana mlangoni wakingoja kumwona Daktari Fundi akifanya yake. Akachukua sindano. Alishona mishono kumi na mmoja, mafundo yote yakilala upande mmoja kama alivyozoea, na simu ya Nakuru hakuipiga.

Siku ya nne Ooko alirudishwa kituoni, mguu umevimba na kunuka hadi uani, na Kibii akampeleka Nakuru. Huko waliukata chini ya goti ili kumwokoa mwenyewe. Ooko alikuwa amezidiwa na homa, hawezi kueleza lolote, kwa hiyo Nangila akampigia Kibii kumuuliza nani aliyeshona. Kibii alijisikia akijibu kwamba mgonjwa alifika akiwa ameshonwa tayari, labda kwenye duka la dawa.

Aibu ilimwingia hata kabla hajakata simu. Kanisani aliacha kuangalia nyuso, akawa anaangalia viatu, na viatu navyo vikamkumbusha. Ile karatasi hakuibandua, maana watu wangeuliza kwa nini.

Mwezi uliofuata wote waliitwa Nakuru kuupitia upya utaratibu. Nangila alionyesha picha ya mguu kabla haujakatwa. Mtu mmoja nyuma akatania kwamba huyo muuza dawa anashona kuliko wote ukumbini, watu wakacheka. Kibii naye akacheka, na baadaye alikichukia kicheko hicho kuliko uwongo wenyewe. Nangila akasema kwamba kwa kuwa kosa lilitoka madukani, mafunzo sasa yatapelekwa huko, kwani vituo vya afya vimeshaelewa. Kisha akamkaribisha Ooko, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza tena habari za mishono, aeleze yaliyompata.

Ooko aliingia kwa magongo. Hakuwa mtu wa kuogopa ukumbi. Alipomwona Kibii mstari wa tatu, uso wake ukachangamka.

"Huyu ndiye daktari wangu," alisema. "Alinishona smart sana, halafu nyinyi wa Nakuru mkakuja kukata. Mngemwachia yeye, saa hii ningekuwa kazini."

Nangila aliitazama picha, kisha akamtazama Kibii. Kibii angeweza bado kukana, aseme kwamba homa humchanganya mtu, na maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni. Lakini Ooko alikuwa akimtabasamia, na tabasamu hilo hakuliweza. Akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Hakuna duka lolote. Hiyo karatasi niliiona, na bado nikashona."

"Si ndiyo nawaambia?" Ooko akasema. "Na alishona poa."

Kibii akatembea hadi mbele, akasimama karibu naye.

"Ooko, ndugu yangu, sikia. Nilifungia uchafu ndani. Ningeacha hiyo kidonda wazi nikutume huku siku hiyo hiyo, pengine mguu ungekuwa nao. Usilaumu hawa. Nilaumu mimi."

Tabasamu lilikuwa bado usoni mwa Ooko. Kisha akainama, akaanza kuirekebisha pini iliyoshikilia mguu wa suruali uliokunjwa, ingawa pini ilikuwa imekaa sawa.