Hodi ya Nne

Huko Nyakatuntu wanawake humwita Placida mharibu nyimbo, na tangu afiwe na mumewe wachache humtembelea. Jumapili hiyo walikuwa wakimenya ndizi za harusi, redio ikapiga ule wimbo unaotamba, kijana anaimba kwamba kofi ni wivu wa mapenzi. Wote wakaitikia. Placida akaizima.

“Mapenzi gani hayo ya kupigana?”

“Wimbo tu huo, mama,” alicheka Benadeta, jirani yake, akaiwasha tena. Placida akamalizia ndizi zake pembeni, peke yake.

Jioni, aking’oa magugu kibanjani, shambani mwake nyuma ya nyumba, akausikia wimbo ule ule kwa Benadeta, sauti juu kupita kiasi. Kila mtu anajua mume wa Benadeta haongezi redio kwa kupenda muziki. Kwa majirani mlango ukafungwa, kisha mwingine.

Placida akakatiza migombani.

“Hodi.”

Redio ikaongezwa.

“Hodi, Benadeta. Hodi jamani.”

Adabu aliyofunzwa ni hodi tatu. Zisipoitikiwa, mgeni anarudi. Placida akatazama nyuma. Njia ilikuwa tupu. Akapiga ya nne, kwa ngumi.