Jafar Alivyopungwa kwa Kuogopa Watu

Mtaani kwetu hapa Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, kosa la Jafar wanalitaja kama vile ni wizi: haitikii salamu. Basi. Hakuua, hakumwibia mtu. Ni fundi cherehani, anashona nyuma ya pazia katika duka la Mzee Suleimane, na mimi nauza vitambaa vya kapulana kibarazani hapohapo, kwa hiyo nayaona yote, hata nisiyoyataka.

Jafar anaogopa watu. Wanapenda kusema ni vita vilivyomharibu. Uongo. Nimemjua tangu mdogo: akitumwa chumvi anarudi mikono mitupu kwa sababu dukani alikuta watu. Mtu akimsimamia mbele, viganja vinalowa jasho, sauti inakwama, macho yanatafuta mlango. Lakini njia yake alishaipata. Mteja analeta gauni lake la zamani, mimi nalipitisha chini ya pazia, yeye anashona jipya kwa kipimo hicho. Miaka tunakwenda hivyo. Nani alilia?

Akaja Dona Hortênsia, mtu wa serikali, kahamishiwa huku kutoka kusini. Gauni la kipimo hana. Akafunua pazia mwenyewe, akamsalimu kwa Kireno na Kiswahili chake cha kuungaunga: "Bom dia, fundi, nipime." Jafar akamzungushia futi kiunoni, macho mlangoni. Mama wa watu akamuuliza tu kama ameoa. Loo! Jafar akachomoka kwa mlango wa nyuma, futi ikabaki kiunoni kwa mheshimiwa inaning'inia kama mkia.

Mimi nilicheka. Mzee Suleimane hakucheka.

"Kuanzia kesho unakaa barazani, wateja wakuone," alimwambia Jafar. "Ukishindwa, cherehani yangu nampa mwingine."

Jafar akatazama vidole vyake vya miguu. Cherehani ile ndiyo inayomlisha yeye na mama yake.

Hapo akajitia Bi Awa, jirani yetu, ambaye ugonjwa wa mwenzake kwake ni sherehe. "Mzee, usimfukuze. Huyu ana pepo. Tumpunge, atachangamka."

"Bi Awa," nikamwambia, "mtu anaogopa watu, nyinyi mnamwitia watu?"

"Uza vitambaa vyako, mwenzangu. Pepo hatoki kwa kunong'onezwa."

Wakamwita fundi wa ngoma za pepo, wakampunga kweli, Idi imekaribia. Wakamkalisha katikati ya uwanja, wakamfunika shuka nyeupe, ubani unafuka, ngoma zinapigwa, na mtaa mzima umejaa, mpaka wasiomjua jina. Mtu asiyeweza kuangaliwa na mteja mmoja! Shuka ikaanza kutetemeka, wao vigelegele: "Pepo anapanda! Pepo anapanda!" Pepo gani? Ni Jafar mwenyewe, anatafuta pa kupitia. Walipomfunua wamwone uso, akatapika miguuni pa fundi wa ngoma, akapenya katikati ya wanawake, akakimbia kujifungia kwao.

Kesho yake hakuja kazini, wala kesho kutwa. Nguo za Idi nyingine zimekatwa, nyingine hazijaguswa, wateja wanamkaba Mzee Suleimane koo. Mwisho akaenda kwa Jafar, nami nyuma yake, maana nilitaka kumsikia mtu mzima akiomba radhi.

Radhi gani! Alisimama uani akafoka: "Wewe kijana, tumekuhangaikia kukutibu, ndiyo shukrani yake hii? Toka!"

Mlango ukafunguka kidogo. Jafar akasema akiangalia kizingiti, maneno yanamtoka kama mtu anayejichomoa mwiba: "Kazi naitaka, mzee. Barazani siendi. Niletee cherehani hapa, nguo nitazimaliza."

"Ala! Kumbe maneno unayo!"

Anauambia mlango. Jafar kashafunga.

Nikamgeukia: "Mtoto wa watu kakujibu, mzee. Unataka nini tena, akuimbie?"

Akanuna, akakohoa, akatema mate. Lakini Idi haimsubiri mtu. Jioni ileile cherehani ikapelekwa kwa mkokoteni, na nguo zikatoka zote, hata gauni la Dona Hortênsia, ambaye hatimaye alikubali kupimwa na mimi.

Sasa kazi ya kubeba vitambaa mpaka dirishani kwa Jafar ni yangu, jua linawaka, na magoti yangu haya. Hilo halinikeri. Anayenikera ni Bi Awa. Siku ya Idi kavaa gauni lililotoka mikononi mwa Jafar, anajigeuza mbele yangu: "Umeona lilivyonikaa? Ngoma imemfaa! Tena fundi wa ngoma hajapewa hata ahsante."

Nikamwambia ahsante akampelekee yeye mwenyewe huyo fundi aliyetapikiwa miguu, tena aende sasa hivi.