Video ya Siku ya Kupamba

Kina mama wa pwani waliohamia Minneapolis walimjua Ummulkheir kwa kazi moja: kuketi mlangoni siku ya kupamba na kukusanya simu. Siku hiyo bi harusi huonyeshwa kwa wanawake wenzake, mabuibui huvuliwa, nywele huachwa wazi, na hakuna mwanamume anayekanyaga ukumbini. Katika harusi ya Maple Grove hakumhurumia mtu.

"Wewe hata maiti utampekua," mgeni mmoja alimtania akitoa simu kifuani.

"Na sanda nitaikung'uta. Lete na ya pili."

Simu zote alizichukua. Kamera ya Saada, mpiga video, hakuigusa. Saada alikuwa mwanamke, tena jirani yake kule New Hope. Nani angemshuku?

Wiki tatu baadaye Saada alimjia asubuhi, akakataa hata chai. Alifungua kompyuta mezani. Ulikuwa mtandao wa picha chafu, na katikati ya watu walio uchi alikuwamo Ruqayya, bintiye Ummulkheir wa miaka ishirini na minne, akicheza chakacha katika ukumbi ule wa harusi, amevaa dera jepesi, nywele mgongoni. Juu yake palikuwa na maneno ambayo Ummulkheir aliyasoma nusu akaacha. Watu elfu sita walikuwa wameshatazama.

"Imefikaje huku?"

"Nilimtumia mtu video yote anikatie vipande na kuipanga. Anajiita Joyeuse. Tulijuana mtandaoni."

"Ulimwona?"

"Niliona picha. Nikamuuliza kama ni mwanamke, akasema ni mwanamke." Saada aliinamia mikono yake. "Tangu jana hapokei simu."

Ummulkheir alitaka kumgombeza, akajizuia. Angekuwa yeye, angeuliza swali hilo hilo na kuridhika.

Saada alimwonyesha fomu ya kuomba video iondolewe. "Tuijaze mimi na wewe, dada. Mtoto asijue. Ikitoka, imetoka."

Elfu sita ilikuwa imeongezeka mia mbili. Ummulkheir aliivuta kompyuta, akasoma Kiingereza polepole, midomo ikimcheza. Je, wewe ndiye unayeonekana? Akabonyeza ndiyo. Je, kuna video zako nyingine hapa ambazo hukuziridhia? Hapo kidole kikasita. Hakujua. Angeweza kuzitafuta, moja baada ya moja, akiuchungulia mwili wa mwanawe bila mwenyewe kujua, kama wale elfu sita.

Akampigia Ruqayya kazini, Plymouth. "Njoo nyumbani, mwanangu. Usiendeshe mbio."

Ruqayya aliitazama video wima, mpaka mwisho, koti likiwa bado mwilini. Kisha akaiona fomu. Alizoea kumjibu mamake kwa Kiingereza. Leo alitafuta Kiswahili, neno kwa neno.

"Umebonyeza ndiyo. Badala yangu?"

"Nilitaka usijue."

"Na wao walitaka nisijue, Mama."

Akafuta kila kitu, akaketi, akaanza upya kwa jina lake mwenyewe. Alipofika kwenye swali la pili alimgeukia Saada.

"Tulipokuwa tunabadilisha nguo, kamera ilikuwa wapi?"

"Chumbani humo. Niliiweka mezani ichaji."

"Ikiwa imezimwa?"

"Sikuangalia," Saada alisema.

Fomu ilitumwa. Adhuhuri jibu lilikuja: video imeondolewa. Ruqayya alijaribu kuifungua mara tatu, haikufunguka. Ummulkheir alishusha pumzi, lakini binti yake hakushusha. Kilichoondolewa kilikuwa cha dakika mbili. Video aliyotumiwa Joyeuse, kwa maneno ya Saada mwenyewe, ilikuwa na urefu wa saa nne.

Hapakuwa na mwanamume nyumbani, walikuwa wao watatu tu. Ruqayya alivuta pazia, akachukua mtandio nyuma ya kiti, akajifunika kichwa, akaubana vizuri chini ya kidevu.

"Mama, nani mwingine alibadilisha nguo chumba kile? Waambiwe leo, wote."

Ummulkheir alimtaja bi harusi kwanza. Alipofika jina la sita, akaanza kunong'ona, kana kwamba kamera ile bado inawasikiliza.