Ghorofa ya Bok-nim

Bok-nim, mfagiaji ngazi wa Hoteli ya Dongbaek hapa Busan, Korea, ana mdomo. Mimi ninayefua mashuka ya hoteli hiyo nimeusikia miaka nenda miaka rudi. Ukimuuliza alizaliwa wapi, anakujibu bila kupepesa macho: "Hapa hapa. Ghorofa ya nne." Halafu anakuacha ucheke mpaka uchoke.

Maana ghorofa ya nne haipo. Jengo ni la matofali mekundu, madirisha ya matao, ngazi za mbao zinazopinda hadi chini ya paa. Lakini hesabu ikifika tatu inarukia tano. Katika lugha yetu, nne na kifo hutamkwa sawa, na hakuna mgeni anayelipia kulala na kifo. Wakati wa vita wakimbizi walijaa vyumba vyote, ndipo mama yake alipojifungulia huko juu. Ila mama mwenyewe, kwa kuogopa mkosi, aliwaambia watu ni ghorofa ya tatu, na hakubadili kauli. Hilo lilimuuma Bok-nim kuliko vicheko vyetu.

Mwaka huu bosi wetu, Bwana Tak, aliikarabati hoteli. Aling'oa dari za bandia, na nakshi za zamani za plasta zikaonekana tena. Kwa kweli ilipendeza. Bok-nim akamfuata na ufagio wake.

"Bosi, umerudisha kila kitu isipokuwa ghorofa yangu. Bandika nne."

"Mama Mdogo," alisema, kama tunavyomwita sote, "unataka nifunge biashara? Hata mama yako anasema tatu."

"Na akisema nne?"

"Akisema nne, nabandika kwa mkono wangu."

Bwana Tak alicheka kwa raha. Alijua bibi yule hajakanyaga hapa tangu vita.

Siku Bok-nim alipotimiza miaka sitini, alimleta mama yake. Bibi aliikataa lifti, akashika ngazi. Kila kona alisimama kupumua.

"Panda, Mama. Si ulipanda na tumbo?"

"Siku ile nilikuwa na haraka, mjinga wewe."

Mimi na Bwana Tak tulipanda nyuma yao. Katika chumba alichojifungulia, kwenye ghorofa iliyoandikwa tano, bibi alikwenda moja kwa moja dirishani, akaiangalia bandari, kisha akaketi kitandani. Bok-nim akamwekea bakuli la supu ya mwani, ile anayopewa mzazi kwetu.

"Siku ile sikuipata," bibi alisema. "Palikuwa hakuna hata mwani."

Akainywa yote. Mimi machozi yalinitoka, sitaki kudanganya. Bwana Tak akamuuliza kwa adabu, "Bibi, hapa ni ghorofa ya ngapi?"

Bibi alimtazama mwanawe kuanzia mvi hadi miguuni.

"Miaka sitini nimeogopa neno hilo litaniulia mtoto. Mwangalie alivyonenepa. Ni ya nne, kijana. Kalete nyundo."