Gari Lisilopata Moto

Mimi ni mtu wa shuku, sikatai. Kwa hiyo mdogo wake mume wangu aliponiambia kwa mara ya tatu wiki ile kwamba amechelewa kwa sababu "gari halikupata moto, shemeji," nilimtazama kuanzia kandambili hadi kofia nikasema moyoni: huyu ananiona mjinga.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipoanza kufunguliwa. Kiwanda alichofanyia kazi mume wangu kilipata mmiliki mpya, watu wakapunguzwa, na kiinua mgongo chake chote tukakitia kwenye pikapu iliyotumika huko Japani, mlangoni bado ina maandishi yao. Mume wangu hajui kuendesha gari. Dereva akawa mdogo wake, tuliyemchukua akae nasi, ale nasi. Jioni alipanda milimani, akalala kwa wakulima, na asubuhi kengele ya misheni ikilia anapakia kabichi na karoti kuniletea sokoni Morogoro mjini. Kabichi za saa mbili asubuhi zina wateja. Za saa nne unabaki nazo unazipepea nzi.

Si kuchelewa tu. Mafuta nayo yalikwisha kabla ya safari kwisha. Weee! Nilikata kijiti, nikawa nakichovya kwenye tangi kila gari linapoondoka na linaporudi. Kijiti kilirudi kikavu. Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Huyu kijana anayafyonza mafuta huko juu na kuyauza, halafu ananiletea wimbo wa moto.

Siku moja nikapanda naye. Hakufurahi, au mimi niliona hivyo. Asubuhi ukungu ulikuwa umekalia migomba na tulipozungumza pumzi ilitoka nyeupe. Akawasha injini, akavuta choki, akakaa. Nikakaa. Wakulima walishamaliza kupakia, wanatutazama. Tulipoondoka, kwenye kona ya kwanza gari likakohoa, likashtuka, likataka kuzimika. Mshale wa joto ulikuwa umelala chini kabisa, haunyanyuki.

"Unaona, shemeji?" akasema.

"Naona," nikamjibu. Nilikuwa naangalia mikono yake.

Tulifika hadi Msamvu mshale umejivuta kidogo tu. Pale nikawauliza madereva wa malori. Loo, walinicheka! "Haichemki? Mama, una bahati! Wenzako wanapanda mlima na madumu ya maji." Kwetu sisi gari gonjwa ni lile linalochemka. Lisilopata moto linapewa hongera. Nilitembea nusu siku nzima kichwa juu, kama mtu aliyesifiwa mwanawe. Kisha nikakumbuka kijiti changu kikavu, na roho ikarudi palepale.

Kulikuwa na mzee mmoja, Mwislamu wa Kihindi, mwenye duka la spea mjini. Watu walisema anazijua injini kabla hazijafunguliwa. Nikamwambia shemeji aegeshe gari uani kwa mzee yule, nikamdanganya kwamba tunabadilisha taa. Asubuhi nikaenda peke yangu, maana sikutaka mtuhumiwa asimame karibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Taa gani?"

"Si taa. Gari hili halipati moto."

Hakucheka. Huyo ndiye mtu wa kwanza ambaye hakucheka, na nikampenda hapo hapo. Akafungua boneti, akanionyesha mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. "Shika hapa." Nikashika, ulikuwa baridi. Akawasha gari. "Usiachie. Gari isiyo na ubovu ikiwashwa, huu mpira unabaki baridi kwanza. Maji yanazunguka ndani ya injini tu, mpaka yapate moto. Hapo kuna kimlango kinaitwa thamostati, kinafunguka, na mpira unapata moto kwa ghafla. Mkono wenyewe utakwambia."

Mkono ulinieleza mengine. Hatukukaa hata kidogo, mpira ukaanza kupata uvuguvugu taratibu, kama maji ya kuogeshea mtoto.

"Hakuna mlango," akasema mzee. "Maji yanakimbilia kwenye rejeta kupoa kabla hayajapata moto. Injini ya baridi inakunywa mafuta, mama. Na huko kwenu mlimani asubuhi ndiyo kabisa."

Akazima, akaacha ipoe, akafungua boliti mbili. Ndani palikuwa patupu. "Hakikuharibika. Kimetolewa."

Kimetolewa! Neno hilo lilinitosha. Mzee alikuwa bado anasema, nadhani alitaka kunieleza jambo, lakini mimi nilishafika barabarani.

Nilimkuta shemeji anakula mchana na kaka yake. Sikungoja wanawe mikono. Nikamtolea uvivu: umeuza kifaa cha gari, unauza mafuta, unakula ugali wangu na kunichekea. Alirudisha tonge kwenye sahani. Akamtazama kaka yake. Kaka yake akatazama mchicha.

"Sawa, shemeji," akasema.

Basi. Hakuapa, hakulia. Nikaona hiyo ndiyo dalili, maana asiye na kosa hupiga kelele. Jua halijazama alikuwa ameondoka na mfuko wake kwenda Dakawa, kutafuta kibarua kwenye mpunga. Mume wangu hakusema neno, nami nikakichukua kimya chake kuwa ananiunga mkono.

Baada ya wiki mbili nilipata thamostati, nikampelekea fundi wetu aifunge, yule aliyelishughulikia gari tangu lilipofika. Akaitazama kiganjani, akaangua kicheko.

"Mama, unairudisha? Mimi ndiye niliyeitoa!"

"Ulifanya nini?"

"Nazitoa zote. Hiki ni kifaa cha nchi za theluji. Huku kwetu jua lipo, cha nini?" Akavuta kopo la maziwa ya unga lililojaa thamostati za mji mzima, akalitikisa mbele yangu bila haya. "Na mumeo alinihimiza mwenyewe. Alisema, toa, toa kabisa, ikija ikachemka mlimani mke wangu atanipasua."

Mdhaniaye ndiye kumbe siye. Nikakaa juu ya tairi.

Nilirudi nyumbani. Mume wangu hakukana. "Nilijua," akasema.

"Ukamwacha mdogo wako aondoke?"

"Ulikuwa umeshaamua."

Nilimpigia kelele mpaka majirani wakafunga redio. Na katikati ya kelele zile, nakiri, nilishaanza kujiuliza ni nini kingine ananificha mwanamume huyu.

Kesho yake nikaenda Dakawa. Nilimkuta shemeji kwenye jaruba, maji yamefika chini ya magoti, mgongo umeungua. Alitoka akanawa mikono kabla ya kunisalimu. Nikamwambia nimemsingizia, anisamehe, gari limepona, kitanda chake kipo. Nililia, sijui mara ya mwisho nililia lini mbele ya mtu.

"Nimekusamehe, shemeji. Ila sirudi."

"Ulijua nani aliyekitoa?"

"Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika spana."

"Sasa mbona hukusema, jamani? Neno moja tu!"

Akaangalia wenzake waliokuwa wanainama na kuinuka kwenye mpunga.

"Ningesema, ungeniacha mimi ukamgeukia kaka. Mimi naweza kuhama, shemeji. Yeye atahamia wapi?"

Akarudi majini. Nilisimama pale ukingoni hadi aibu iliponiondoa.

Nilipofika nyumbani jioni, mume wangu alikuwa kibarazani. Miaka kumi na tisa tulikuwa tumeoana, na siku ile ndipo nilipoona anavyofanya kila ninapoingia: aliniangalia usoni kwanza, akanisoma vizuri, ndipo akasema karibu.