Ukurasa Uliobeba Marehemu Wote

Katika mwaka wangu wa pili kazini, kwenye kampuni ya mbegu na mbolea mjini Eldoret, walitaka kumfukuza mwanamke mmoja kwa kosa la kuwa polepole. Neno si langu. Liliandikwa hivyo kwenye barua ya onyo: "utendakazi wa polepole." Nilikasirika wakati ule, na bado sijapoa, kwa hivyo nikipaza sauti mahali pa kunong'ona nivumiliwe.

Sote tulimwita Mama. Alikuwa karani wa stoo yetu kubwa, ukishapita mtaa wa West Indies, na alikuwa amehesabu magunia pale tangu zama za vitabu vya karatasi ya kaboni. Kila asubuhi wakulima na wenye maduka walimletea oda zao dirishani, naye akaziingiza kwenye tovuti ya ndani ya kampuni, ile ambayo wafanyakazi peke yao ndio wanaoweza kuifungua. Saa nne kamili mfumo ulifunga orodha ya siku. Oda iliyochelewa haikupakiwa kwenye lori. Na huo ulikuwa mwezi wa Machi, mvua za kwanza zimeshanyesha, ardhi yote ya Uasin Gishu imelimwa na inanukia kama mkate uliotoka tanuri. Mkulima aliyekosa mbolea leo alirudi kesho na hasira ya msimu mzima.

Kwa wiki sita, tangu oda za msimu zianze kumiminika, oda za Mama zilichelewa. Barua ya kwanza ikaja, kisha ya pili. Kwetu barua ya tatu haikuwa onyo tena, ilikuwa kwaheri. Kikao kikapangwa Ijumaa.

Nani alikuwa amechunguza? Fundi wa kompyuta alitumwa mara tatu. Mara ya kwanza alibadilisha waya. Mara ya pili aliiweka kompyuta ya Mama isihifadhi chochote ilichokwisha kukifungua, ati iwe nyepesi. Mara ya tatu hakugusa kitu. Alisimama mlangoni akizungusha funguo za gari kidoleni, akasema mashine haina neno, ila imefanana na mwenyewe, imezeeka. Maneno hayo yalifika ofisini mjini kabla ya chai ya saa nne, na watu wakayacheka. Mimi pia nilicheka.

Jumatano nilikwenda stoo kupiga picha za mbegu mpya, kwa maana kazi yangu ilikuwa kuandika matangazo na kuyaweka kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti ile ya ndani. Nilimkuta Mama mbele ya kompyuta, mikono imetulia mapajani kama mtu aliye kanisani. Dirishani foleni ilikuwa ndefu. Alikuwa amebonyeza, anangoja. Ukurasa ulishuka kidogo, ukasimama, ukashuka tena. Hatimaye akaingiza oda moja, upesi, vidole vyake vikiruka kwa kasi kuliko vyangu. Alipomaliza, mfumo ukamrudisha ukurasa wa mbele, na kungoja kukaanza upya.

Nikavuta kigoda nikaketi kando yake. Nikamwomba afungue gazeti, likaja papo hapo. Akafungua utabiri wa hali ya hewa, nao ukaja. Kwa hivyo mtandao ulikuwa mzima. Tukafungua tovuti yetu wenyewe, nami nikamaliza nusu ya kikombe cha chai kabla haijatulia. Kikombe hicho ndicho kilichonichoma. Katika wiki sita, pamoja na fundi, meneja na barua mbili zenye mhuri, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mwanamke huyu kwa muda wa nusu kikombe cha chai.

Nikajaribu jambo moja. Nikaizuia kompyuta isionyeshe picha, nikafungua tena. Ukurasa ulikuja kama mlango uliosukumwa na upepo.

Mama akavua miwani. "Umefanya nini?"

"Nimezuia picha tu, Mama."

"Basi ni wale," akasema. "Marehemu. Ukurasa ukifunguka wanashuka mmoja mmoja. Mimi huwa nawangoja wapite. Ningefanya nini, mwanangu, niwasukume?"

Hapo nikaelewa, maana aliyewaweka pale ni mimi.

Kampuni yetu ilikuwa na desturi. Mfanyakazi akifiwa, picha ya marehemu iliwekwa ukurasa wa mbele ili wenzake wajue, waombe, wapange safari ya mazishi. Baada ya mazishi ziliongezwa picha za kaburini. Ilikuwa desturi njema na sijaona aibu kwayo. Ila hakuna aliyewahi kuondoa tanzia hata moja. Nilipoanza kazi niliuliza kama naweza kufuta za zamani, nikajibiwa na mwenzangu ofisini kwa sauti ya chini kwamba marehemu hafutwi. Nani angetaka kuwa yule aliyemfuta bibi ya mtu? Nikawaacha. Nikawaongeza. Na kila picha niliipandisha jinsi ilivyotoka kwenye simu, nzito, ya kutosha kujaza ukuta, kisha ikabanwa ionekane ndogo kama stempu, uzito ukibaki ule ule. Juu kabisa, kwa amri ya meneja mwenyewe, alikaa mama yake aliyefariki mwaka uliotangulia, pamoja na albamu nzima ya mazishi: mahema, kwaya, jeneza, umati.

Sisi wa mjini hatukuuona uzito huo, kwa kuwa mashine kuu iliyohifadhi tovuti ilikuwa chumba cha pili na marehemu walitufikia kabla hatujapepesa macho. Stoo ilipokea kila kitu kwa antena dhaifu juu ya bati. Na kwa kuwa fundi alikuwa ameizuia kompyuta kuhifadhi chochote, Mama alipelekewa mazishi yote upya, kwa kila oda, kwa kila gunia.

Alhamisi Mama alifanya kazi bila picha, akamaliza saa tatu. Nikaenda kwa meneja nikiwa na matumaini ya kitoto. Akasema siku moja njema haisafishi wiki sita, na kikao kiko palepale. Nikamweleza habari za picha. Akacheka kwanza.

"Mwandishi, hapa si mahali pa riwaya zako."

Nilipomtajia albamu iliyo juu kabisa, kicheko kikakatika. Akaniuliza kama nimekuja ofisini kwake kusema kwamba mama yake ndiye anayechelewesha mbolea.

"Si mama, mkubwa. Ni picha zake."

Akanionyesha mlango. Nilirudi nyumbani nikitembea, na njia nzima nilikuwa najibizana naye moyoni kwa ufasaha ambao sikuwa nao nilipokuwa mbele yake.

Mama alikuwa na haki ya kuja kikaoni na mwenzake mmoja, akanichagua mimi. Akatuma ujumbe pia kwamba hawezi kuacha wakulima dirishani, wanaomtaka wamfuate alipo. Basi Ijumaa saa mbili unusu walikuja: meneja kutoka nyumbani kwake mtaa wa Elgon View, na afisa wa wafanyakazi, mwanamke aliyeshika faili ya Mama kifuani. Viatu vyao vilikuwa vimejaa matope ya uani.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Mama akaniwahi. Alisimama, akakisogeza kiti chake mbele ya meneja, akamwomba aingize oda tatu tu za wakulima wale. Nami nikarudisha picha.

Meneja akaketi. Akabonyeza. Mama yake akaanza kushuka kwenye kioo, kipande kwa kipande: kitambaa cha kichwa, paji la uso, macho. Mdomo ukachukua muda kufika. Kisha likaja hema, ikaja kwaya. Baada yake wakaja wengine, baba wa dereva wetu, mtoto mchanga wa mpishi, wote kwa mwendo ule ule. Meneja akaingiza oda ya kwanza, na ukurasa ukamrudisha mwanzo. Kitambaa. Paji la uso. Macho. Mara ya tatu aliondoa mikono kwenye kompyuta.

"Kila oda?" akauliza.

"Kila oda," Mama akasema. "Mwaka huu mimi nimemwamkia mama yako kuliko wewe."

Alisema bila ukali. Meneja akaagiza, akiwa ameniangalia mimi, kwamba marehemu wapewe ukurasa wao, unaofunguliwa na anayewataka, na kila familia iarifiwe kabla sijamhamisha yeyote. Picha nizipunguze uzito. Nikakubali kabla hajamaliza. Afisa wa wafanyakazi akafunga faili akasema hakutakuwa na barua ya tatu. Wakainuka.

Mama alirudi kwenye kiti chake, akaketi, akaweka mikono mapajani.

"Na zile mbili?"

Afisa akaeleza kwamba barua ikishaingia kwenye faili hukaa mwaka mmoja, ndio utaratibu, haimdhuru mtu asipokosea tena. Nilitaka kupiga kelele. Asipokosea tena! Alikuwa amekosea lini?

"Sawa," Mama akasema. "Basi mimi ni mtu wa polepole. Imeandikwa. Na mtu wa polepole hawezi kumaliza hizi oda kufikia saa nne, kwa hivyo sitazianza."

Meneja akatazama saa yake. Dirishani wakulima walikuwa wamenyamaza, wanasikiliza kila kitu. Mzee mmoja mwenye koti la mvua akasema, kwa sauti iliyokusudiwa kusikika, kwamba shamba lake halijui utaratibu. Mama hakugeuka. Alikuwa amengoja kwa wiki sita, alijua kungoja kuliko sisi sote mle ndani.

Saa tatu na robo afisa aliomba karatasi. Aliandika kwa mkono, akiegemea gunia, kwamba barua zote mbili zimefutwa. Meneja akatia sahihi. Mama akavaa miwani, akasoma kila mstari hadi mwisho, akairudisha.

"Haisemi kosa lilikuwa la nani."

Kisha meneja akachukua kalamu mwenyewe, akaongeza mstari mmoja kwamba kosa lilikuwa la tovuti na waliokuwa na wajibu wa kuitunza. Nami nilikuwa mmoja wao. Mama akaukunja waraka mara mbili, akautia kwenye mkoba, nikaizuia kompyuta isionyeshe picha, naye akageukia dirisha.

"Mzee, karibu. Ulisema magunia mangapi?"