Mama Aliyeomba Kumwona Amiba

Jumanne saa nne asubuhi, katika mojawapo ya maabara za watu binafsi zilizoruhusiwa karibuni, hapa Bulyaga, mama mmoja wa Ikuti aliambiwa ana amiba. Akaomba kumwona. Mpimaji alicheka, akampisha kwenye hadubini.

“Mwe! Anatembea!”

“Ndiyo, mama. Ulimnywa kwenye maji.”

“Anaua mtoto?”

“Asipotibiwa, anaua.”

Mama hakuinua jicho. “Wangu alikula kwa dada yangu, akaharisha damu. Msibani nikasema dada kampa sumu. Miaka sita sasa hatusemezani, natamani hata sauti yake.”

Ukutani pana orodha ya vipimo, cha kumwondolea dada lawama hakimo.

Alisahau cheti cha dawa; mimi, karani wa maabara, nikamkimbilia nacho stendi. Alikuwa akiuliza gari la Lupepo.

“Dada kaolewa huko,” alisema.

Alipanda saa tano.